Jimny ya Milango Mitano: Wiki ya Kolo, Kwamtoro, Singida na Kongwa

Jumatatu, Dodoma mjini

Oktoba na Novemba 2025 habari za magari mapya zilimiminika hadi simu zikajaa. Maonesho makubwa ya magari ya Tokyo yalifunguliwa mwishoni mwa Oktoba, na tarehe 10 Novemba Toyota wakaifunua Hilux mpya kule Thailand, safari hii ikiwemo ya umeme mtupu. Nilizisoma zote, kwa sababu magari ndiyo kazi yangu na ndiyo ninayoyapenda. Lakini kila nilipomaliza uhakiki mmoja nilibaki na njaa. Skrini inchi ngapi, sifuri hadi mia kwa sekunde ngapi, taa za mbele zimekaaje. Hakuna aliyeniambia gari hilo litafanya nini kwenye korongo la Kwamtoro mwezi Januari.

Wengi wetu hapa Dodoma ni wanunuzi wa pili. Gari linalofunuliwa leo Tokyo kwa muziki na moshi, sisi tutalipata likiwa limeshatembea huko kwao miaka mingi. Na hata hiyo miaka tunaihesabu kwa makini, kwa sababu gari dogo la abiria likifika bandarini na umri wa miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na likizidi 10 ni asilimia 30. Kwa hiyo uzinduzi wa magari hayo unatuhusu moja kwa moja. Unatuambia yadi zetu zitajaa nini baadaye, na fundi wa mtaani kwetu atakuwa ameinama juu ya injini gani.

Chukua Suzuki Jimny ya milango mitano. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza India, Januari 2023, na huko ndiko inakoundwa. Japani ilitangazwa tarehe 30 Januari 2025 kwa jina la Jimny Nomade. Oda zikafika 50,000 ndani ya siku chache, Suzuki wakasimamisha kupokea nyingine. Zilianza kuuzwa Aprili 2025, maana yake za kwanza zitatimiza miaka 8 mwaka 2033. Najua watu hapa Dodoma ambao tayari wanaipigia hesabu.

Niliyoipata ni ya rafiki yangu anayefanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba. Aliinunua ikiwa mpya, na tangu hapo imekula lami tu, nyumbani na ofisini. Amenipa ufunguo akaniomba irudi imeoshwa. Mafuta ni ya mfukoni kwangu. Nalisema hili wazi kwa sababu kwenye sherehe za uzinduzi kampuni huwasafirisha waandishi, huwalipia hoteli na huwachagulia barabara. Sisemi wanaandika uongo. Wapo wanaoifanya kazi hii kwa uadilifu mkubwa, na jarida la Autocar la Uingereza limekuwa likiyapima magari barabarani kwa utaratibu tangu 1928. Ila barabara iliyochaguliwa na muuzaji inajibu maswali ya muuzaji.

Jioni nimepanga mizigo: koleo, kamba ya kuvutia, jeki, pampu ya upepo, maji, blanketi. Buti lina lita 208 viti vya nyuma vikiwa vimesimama, na hilo unaliona mara moja. Begi moja kubwa na jerikeni, limejaa. Nimelaza kiti kimoja cha nyuma. Gari lenyewe lina urefu wa milimita 3,985, na kutoka tairi la mbele hadi la nyuma ni milimita 2,590. Chini ya tumbo kuna nafasi ya milimita 210. Limejengwa juu ya chesisi ya ngazi kama magari ya zamani, ekseli ni nzima mbele na nyuma, na fo-wili yake unaiingiza kwa mkono, na lever ya gia nzito ipo palepale. Injini ni ya petroli, lita 1.5. Gia ni otomatiki, nne tu.

Jumanne, Dodoma hadi Kolo

Nimetoka alfajiri na mpiga picha wangu, kijana wa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma ambaye anapenda magari kuliko kamera. Miyuji, Msalato, halafu mji unakwisha na miti ya miiba inaanza. Barabara hii ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa pale Kondoa tarehe 27 Aprili 2018, na ni kipande cha ile barabara kuu ya kutoka Cape Town hadi Cairo. Waliokuwa wakienda Kondoa kabla ya lami hawahitaji kusimuliwa. Leo ni kuteleza tu, ukiondoa vijiji, ambako mwendo ni 50 na trafiki wa tochi anakusubiri chini ya mti.

Kwenye lami gari hili linasema ukweli wake mapema. Ukifika 100, gia ya nne ndiyo ya mwisho, kwa hiyo injini inazunguka kwa kasi na unaisikia. Mpaka Mayamaya tulikuwa tukizungumza kwa sauti ya kawaida, baada ya hapo tukapandisha kidogo. Kulipita lori la mizigo panahitaji subira, maana nguvu ya kuvuta ni Nm 134 na inakuja injini ikiwa imepanda hadi mizunguko 4,000. Nimezoea kuona wahakiki wa Ulaya wakililaumu kwa hili. Mimi ninalitazama tofauti kidogo. Kwenye barabara ambayo ng'ombe, baiskeli na watoto wa shule wanaitumia pamoja nawe, gari linalokustarehesha kwenye 80 limekufaa zaidi kuliko linalokusahaulisha kuwa uko 130.

Kondoa tumekunywa chai na chapati. Milima ya Irangi inayouzunguka mji bado inaonesha makovu ya mmomonyoko, makorongo mekundu yaliyochimbika kwa miaka mingi, ingawa mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973 na kuondolewa kwa mifugo 1979 viliirudishia sehemu kubwa majani yake. Ninayataja makorongo kwa sababu ndiyo yanayotengeneza barabara za huku. Maji yakishuka yanakata njia popote yanapotaka, na mwaka unaofuata njia iko pengine.

Kolo ni mwendo mfupi kaskazini ya Kondoa. Unajiandikisha kwenye ofisi ya Mambo ya Kale, unapewa mwongoza wageni, ndipo unaingia. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951. Njia ya kwenda michoro ya Mungumi wa Kolo ni kama kilomita tisa, na ndiyo iliyonileta.

Kwanza mto wa mchanga. Ulikuwa mkavu juu na umelowa chini, ule mchanga unaokubeba hatua tatu halafu unakumeza. Tumesimama kabla, nikapunguza upepo wa matairi, nikaingiza fo-wili. Matairi ya gari hili ni membamba, upana milimita 195, na watu wa magari makubwa huyacheka. Lakini gari zima lina uzito wa kama kilo 1,200 tu. Liliuvuka mto bila kuchimba. Mwongoza wageni, kaka mmoja Mrangi aliyekaa nyuma, alisema magari mazito huwa yanachimba palepale tulipopita, halafu watu wanashuka kukata matawi.

Baada ya mto ni mawe. Kuna mahali njia inapanda ngazi ya mwamba, ngazi ya upande mmoja tu, kiasi kwamba tairi la mbele kulia linapanda na la nyuma kulia linabaki shimoni. Nilivuta lever kwenye gia nzito, nikaachia breki, nikaligusa pedeli taratibu. Pua ikainuka hadi nikaona mbingu tupu. Tairi la mbele kushoto likaachana na ardhi, likaanza kuzunguka hewani. Hapo ndipo pa kutazama: gari la kawaida lingeendelea kulizungusha tairi hilo hadi petroli iishe. Hapa mfumo wa breki ulilikamata lile tairi tupu lenyewe, ukasikika mlio wa kukwaruza chini ya miguu, tak-tak-tak, na nguvu ikahamia tairi la upande wa pili lililokuwa limeshika mwamba. Tukapanda. Mpiga picha alikuwa ameshuka na amelala kifudifudi kupiga picha ya lile tairi. Alipoinuka alikuwa mwekundu wa vumbi kuanzia kifuani hadi kidevuni, na anacheka.

Ile ya milango mitatu, iliyotoka Japani Julai 2018, ina milimita 2,250 kati ya tairi na tairi. Hii imeongezwa milimita 340, na nilitaka kujua kama nyongeza hiyo itagusa. Imegusa mara moja, kwenye kigongo kirefu karibu na mwisho, tumbo likakwaruza jiwe kidogo. Kwa anayebeba familia, ninaikubali biashara hiyo bila kusita. Viti vya nyuma vya ile fupi ni vya watoto.

Michoro yenyewe ni ya watu warefu wembamba, wekundu, nywele zimechanuka, wengine wameshikana mikono. Tulikaa pale mpaka jua likashuka. Mwongoza wageni alituambia wazee bado wanapanda kuomba mvua.

Jumatano, Chemba hadi Kwamtoro na Singida

Mvua ya usiku imesikika juu ya bati tangu saa nane. Asubuhi tumerudi hadi Chemba tukakata magharibi kuelekea Kwamtoro, nchi ya Wasandawe. Hii ni sehemu ya ile njia ndefu inayopangwa kutoka Handeni kupitia Kibaya hadi Singida, kilomita 460. Ikikamilika kwa lami itabadilisha maisha ya watu wengi. Tulipopita sisi ilikuwa udongo, na udongo wa kila aina: mwekundu unaoteleza, mchanga, halafu ule mweusi wa mbugani unaonata.

Rasta ndizo zilizotupata kwanza, yale matuta madogo madogo yaliyopangana barabarani kama mistari. Ekseli nzima ya mbele ina ubaya wake hapa. Usukani unatikisika na gari linataka kuhama taratibu kwenda pembeni. Ukienda pole sana unateseka, ukikaza mwendo hadi 60 linatulia kiasi, lakini hapo breki zako ziwe mguuni. Nyuma ni breki za ngoma, si diski. Kwa mwendo huu na uzito huu hazikunipa shaka, na ngoma haziogopi tope la juu juu.

Mbele ya kijiji kimoja tukakuta korongo limejaa. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa kasi, na upande wa pili kuna Noah imesimama imejaa abiria. Upande wetu kulikuwa na pikipiki kadhaa, na mzee mmoja ameketi juu ya gunia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnakwenda Singida?"

"Ndiyo, mzee. Haya maji yatapungua saa ngapi?"

Akatazama juu kule milimani, si majini. "Kule kumekwisha kunyesha. Kaeni. Maji haya hayalali."

Tukakaa. Ninaliandika hili kwa mkazo kwa sababu video za matangazo zimejaa magari yanayopasua maji kama mtumbwi. Maji yanayokwenda kasi hayajali nembo ya gari. Yakifika juu ya vizingiti vya milango, yanalisukuma, na gari jepesi kama hili linasukumwa upesi zaidi. Kijana wa kijijini alikuwa ameweka kijiti ukingoni, na kila baada ya muda anakwenda kutazama. Kijiti kilipobaki mbali na maji, yeye mwenyewe akaingia kwa miguu, suruali imekunjwa, akivuka kwa kukanyaga polepole ili kuona kama chini kumechimbika. Maji hayakumfika magotini. Ndipo tukaingia kwenye nyayo zake, gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea, bila kusimama.

Ng'ambo, dereva wa Noah alishuka kulitazama gari. Alizunguka mara mbili, akagonga boneti kwa kidole, akainama kuchungulia chini.

"Bosi, hii inabeba watu wangapi?"

"Wanne, na dereva akiwemo."

"Wanne?" Akamwangalia mpiga picha kama vile nimemdanganya. "Na milango yote hii?"

Ni kweli, ina viti vinne. Yule dereva alinieleza hesabu yake vizuri. Noah anaijaza, inaingia Singida asubuhi na kurudi jioni, na spea anazipata kwenye duka lolote, mpaka za kuokoteza kwenye magari yaliyokufa. "Hii ni nzuri," akasema, "inapita. Lakini hainilishi." Sijaona uhakiki uliouweka uamuzi huo kwa usahihi zaidi. Kuna gari la kupita, na kuna gari la kulisha, na mwandishi wa magari anayewaandikia watu wa huku ni wajibu wake kusema lipi ni lipi.

Kwenye udongo mweusi baada ya Kwamtoro matairi yalijaa tope mpaka yakawa laini kama sahani. Fo-wili ilitusogeza, ila usukani ulikuwa wa kuomba. Matairi ya kiwandani ni ya kuchanganya, zaidi lami. Anayeishi huku abadilishe matairi kwanza kabla hajafikiria pambo lolote.

Singida tumefika usiku, gari limepata rangi moja.

Alhamisi, Singida

Singida ina upepo, na upepo wake hauombi ruhusa. Asubuhi tulipotoka kwenda Ziwa Singidani, mlango ulitaka kuning'oka mkononi. Kwenye barabara ya Ikungi nimeusikia vizuri zaidi: gari refu kwenda juu, bapa ubavuni, jepesi. Lori likikupita kutoka mbele, unashika usukani kwa mikono miwili. Si jambo la kutisha, ila dereva mgeni ajue.

Mchana, kwenye kuku wa kienyeji na ugali, tulikaa na watu wa magari ya mizigo, na mazungumzo yakaenda kwenye Hilux ya umeme. Kila mtu alikuwa ameiona kwenye simu. Betri yake ni ya kWh 59.2, na kampuni inasema itakwenda kama kilomita 240 kwa kipimo cha Ulaya. Mmoja wao, mzee wa alizeti, akauliza swali moja tu: "Kutoka hapa hadi Dodoma ni kilomita ngapi?" Ni kama 240.

Kipimo hicho hakijaweka magunia ya alizeti nyuma, wala upepo wa Singida usoni, wala mlima. Na njia nzima tuliyopita wiki hii sijaona mahali pa kuchajia gari. Hata hivyo sitaki msomaji aondoke akidhani umeme hautuhusu. Mtumishi anayekaa Ilazo na kufanya kazi Mtumba hafiki hata kilomita 50 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa mtu huyo gari la umeme lina maana, akiwa na soketi ya uhakika nyumbani, na hana tena haja ya kuisubiri EWURA itangaze bei ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwa mzee wa alizeti, bado. Waandishi wengi wanaliuliza swali la umeme kama la ndiyo au hapana, na hapo ndipo wanapomwacha msomaji wao.

Ijumaa, Manyoni hadi Dodoma

Asali Manyoni, kisha mteremko wa Saranda. Huo ndio ukingo wa Bonde la Ufa, na malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanaupanda kwa kunung'unika huku yanayokwenda bandarini yakiteremka kwa harufu ya breki. Gia nne za otomatiki hapa zilinifaa: ukishusha hadi ya pili injini inalishika gari na huna haja ya kukanyaga breki muda wote.

Chini, kabla ya Kintinku, pancha. Kipande cha chuma kirefu kama kidole kwenye tairi la nyuma kushoto. Tairi la akiba la gari hili limening'inia mlango wa nyuma, na ni tairi kamili, saizi moja na mengine. Tulibadilisha, tukaendelea na mwendo uleule. Magari mengi mapya ya Japani na Ulaya sasa yanauzwa bila tairi la akiba. Wanakupa chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi inaziba tundu la msumari. Haizibi mchano wa chuma, na kati ya Kintinku na Bahi jua likiwa utosini utaielewa tofauti hiyo. Ukiagiza gari, uliza tairi la akiba kabla hujauliza redio.

Bahi mpunga umechipua, maji yanang'aa pande zote mbili za barabara. Dodoma tumejaza tanki hadi pampu ikajikata. Kiwandani wanasema otomatiki inakwenda kilomita 16.39 kwa lita. Mimi kwenye lami nimekuwa karibu na 14, na kwenye tope la Kwamtoro chini ya 10. Tanki ni lita 40, kwa hiyo anayekwenda porini abebe jerikeni.

Jumamosi, Kongwa

Tumetoka mashariki, tukala nyama Chalinze, ile ya Chamwino, halafu Mbande tukakata kwenda Kongwa. Barabara haina la kusimulia. Nimekuja kwa ajili ya historia, kwa kuwa hapa ndipo mashine za kigeni zilipopata mtihani mgumu kuliko yote katika nchi hii.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza hapa mradi wa karanga. Walitaka zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Matrekta hayakutosha, kwa hiyo kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, ikaving'oa mzinga na kuvigeuza matrekta, yakaitwa Shervick. Kwenye karatasi yalikuwa na nguvu za kutosha kung'oa chochote. Hapa yalikuta vichaka vilivyofungamana mizizi, mibuyu, na udongo ambao mvua ikikatika unakauka na kuwa mgumu kama sakafu. Majembe yalikatika na mashine zikachakaa upesi. Mvua nazo hazikuja kama zilivyopangwa ofisini London. Januari 1951 mradi ukafutwa, na pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Wagogo waliokuwa wakilima mtama na uwele papa hapa walikuwa wanaujua ukame huu kabla ya mzungu wa kwanza kupima shamba. Hawakuulizwa.

Nilimsalimu mzee mmoja chini ya mwembe, "Mbukwenyi," akafurahi, akatuita tukae. Nilipomwambia kazi yangu ni kupima magari, akataja gari moja bila kufikiri: Peugeot 404. Alisema ndiyo iliyokuwa teksi ya kuaminika ujanani mwake, ilibeba watu na mbuzi na haikulalamika. Na sifa hiyo haikutoka hewani. Mashindano ya Safari yalianza 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na 404 iliyashinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mbili za katikati ziliendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Wakati ule kampuni za magari zilikuja wenyewe kwenye tope letu kutafuta jina, na mnunuzi wa Kongwa alijua gari limepita wapi kabla ya kulilipia. Hicho ndicho kipimo ninachotamani kirudi, hata kama ni kwa kalamu na gari la kuazima.

Jumapili, Dodoma

Kabla ya kulirudisha nimelipeleka kwa fundi wangu Nkuhungu, alikubali kufungua kwa saa mbili. Limeinuliwa, matairi yakatolewa. Bushi zote nzima. Shokapu hazina mafuta yaliyovuja. Ngoma za nyuma zilikuwa na tope jembamba lililokauka, akalipuliza kwa upepo. Kichujio cha hewa kilikuwa chekundu. Alikigonga kwenye jiwe, vumbi la Kwamtoro likamwagika, akasema kibadilishwe. Pale tulipokwaruza Kolo, kulikuwa na mstari mweupe kwenye chuma cha katikati, hakuna kilichopinda.

"Chesisi ni ya kweli," alisema, akiipigapiga kwa spana. "Injini ndiyo sijaizoea. Nitaijua, lakini spea zake kwa sasa unaagiza. Kopo la oili na plagi hazinisumbui. Sensa zikianza, mteja atasubiri."

Nikamwonesha kwenye simu gari jingine lililofunuliwa Oktoba 2025 kabla ya maonesho ya Tokyo: Land Cruiser FJ, ndogo kuliko Prado, inayoundwa Thailand na ambayo Japani walipanga kuanza kuiuza katikati ya 2026. Hakutazama picha. Aliniomba nimsomee injini.

"2TR, lita 2.7, petroli."

Akachukua simu kutoka mkononi mwangu akasoma mwenyewe. Kisha akanyoosha spana kuelekea kona ya gereji, ambako Hiace ya abiria ilikuwa imefunguliwa boneti na kifuniko cha injini kimewekwa juu ya gunia. "Ile pale," akasema. "Ninayo tayari gasketi yake."